Wikiendi ya Mvinyo Dodoma: Piga Simu Kwanza, Ndipo Ukate Tiketi

Tangu treni ya mwendokasi ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, swali moja linanijia kwa ujumbe wa simu, kwa barua, hata nje ya kanisa baada ya misa: "Tunataka kwenda kuonja mvinyo Dodoma wikiendi hii. Tuanzie wapi?"

Zamani nilijibu kwa wepesi: nendeni tu. Jibu hilo limewaponza watu, nikiwamo mimi. Mwaka mmoja niliongoza kundi la watu saba hadi kwenye lango la kiwanda kimoja, Jumapili saa tano asubuhi, jua limeshapamba moto. Mlinzi alitupokea kwa heshima, akatupa maji ya kunywa, akatueleza kwamba mafundi hawaji kazini Jumapili na yeye hana ufunguo wa stoo. Tukarudi mjini, tukaagiza mvinyo wa Dodoma hotelini. Mvinyo ule ule tungeweza kuunywa Sinza, Dar, bila kusafiri kilomita 450.

Dodoma ni mji wa wakulima wa zabibu na mafundi wa mvinyo, lakini kazi ya kupokea wageni bado inachipua. Usitegemee vibao vya "karibu uonje" kila kona. Ukienda kwa miadi utakutana na fundi mwenyewe akikumiminia na mkulima mwenyewe akikutembeza katikati ya mistari ya mizabibu yake. Ukienda kwa kubahatisha utakutana na mlinzi.

Chagua mwezi kwa kumfuata mkulima

Kosa la kwanza ni kuchagua tarehe kwa kuangalia sikukuu za ofisini. Angalia mzabibu kwanza.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha, kwa mkasi wa kupogolea. Akishapogoa, baada ya miezi minne hivi anavuna. Ndiyo maana huku huvunwa mara mbili:

- Februari hadi Machi. Mavuno ya wakati wa mvua. Nchi ni ya kijani na inapendeza kwa macho, ila barabara za vumbi hugeuka tope, na zabibu hunywa maji mengi na kushambuliwa zaidi na ukungu.
- Agosti hadi Septemba. Mavuno ya kiangazi. Mvua haipo, na sukari hukolea ndani ya punje. Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu, nenda kipindi hiki.

Nje ya mavuno safari haiharibiki, ila itabadilika sura. Juni na Julai utakuta mashada mabichi na hewa nzuri, na usiku utahitaji sweta, kwani Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwishoni mwa mwaka utakuta watu wakipogoa, na shamba lililopogolewa linaonekana kama limekufa. Usimpeleke huko mtu unayetaka apige picha za mashada. Mpeleke anayependa kuelewa kazi, maana mkulima akiwa anapogoa ana muda wa kueleza kuliko akiwa anavuna.

Sasa angalia na ratiba ya Bunge. Hili wageni wengi hawalijui mpaka watafute chumba. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda hadi Juni, na mara nyingi kuna mkutano mwingine kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba, katikati kabisa ya mavuno. Vyumba vizuri huisha na bei hupanda. Ratiba hutangazwa mapema, kwa hiyo iangalie kabla hujamwambia rafiki tarehe yoyote.

Na kama unataka kuonja kazi za watengenezaji wengi mahali pamoja bila kuzunguka, fikiria maonesho ya Nanenane pale viwanja vya Nzuguni, siku za mwanzo za Agosti mpaka tarehe 8. Kuna msongamano na vumbi, na hutapata utulivu wa shambani. Lakini wasindikaji wadogo ambao usingewapata kwa njia nyingine huwa wanatafuta wateja siku hizo.

Jua pande nne za mji

Mashamba hayako mahali pamoja. Yameuzunguka mji, na ukichanganya pande mbili zilizo mbali kwa siku moja utaimaliza siku ndani ya gari. Shika ramani hii kichwani:

- Kaskazini, barabara ya Kondoa: Makutupora. Hapa ndipo kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, na hapa ndipo zabibu nyekundu ya Makutupora ilipopata jina lake. Ukitaka kuelewa aina za mizabibu, magonjwa na upogoaji, omba kutembelea hapa.
- Kusini-magharibi, barabara ya Iringa: Bihawana na Mpunguzi. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana ndio wanaotajwa kuwa waanzilishi wa zao hili Dodoma. Mashamba mengi ya huku ni ya familia.
- Mashariki, barabara ya Morogoro: Chamwino na Chinangali, penye mashamba ya pamoja yenye mistari mirefu ya mizabibu.
- Kaskazini-mashariki: Hombolo, penye bwawa. Unatoka kwa barabara ya Morogoro, kisha unakata kushoto. Kiwanda cha CETAWICO kilichoanzishwa na Waitaliano kiko huku, karibu na mashamba yenyewe.

Mjini kwenyewe kuna viwanda kadhaa, vikiwamo vile ambavyo chupa zake umekwisha kuziona katika maduka ya Dar, Mwanza na Arusha.

Kwa safari ya kwanza nakushauri hivi: kiwanda kimoja, shamba moja, upande mmoja wa mji. Hombolo na Chamwino zinakwenda pamoja kwa kuwa zinaanzia barabara moja. Makutupora na Bihawana haziendani, na watu kila mara wananibishia mpaka wajaribu. Ukifululiza viwanda vinne kwa siku, cha tatu hutakumbuka ulionja nini.

Simu za kupiga kabla ya tiketi

Piga simu angalau wiki tatu kabla, si siku tatu. Zungumza na mtu wa kiwandani mwenye dhamana, si yeyote aliyepokea. Uliza haya, uyaandike:

1. Mnapokea wageni wa kuonja siku gani, na saa ngapi? Jumamosi ni nusu siku?
2. Kundi la watu wangapi mnaliweza?
3. Mnatoza kwa kichwa? Kiasi hicho kinakatwa tukinunua chupa?
4. Tutaonja aina ngapi, na kuna mvinyo mkavu au mtamu tu?
5. Tutaingia penye mapipa na mitambo, au ni mezani tu?
6. Wiki hiyo mtakuwa mnakamua? Kama ndiyo, tunaruhusiwa kuona?
7. Kuna choo, kivuli na chakula?

Usione haya kuuliza kuhusu choo. Kundi lenye wazee na wajawazito linaharibikiwa siku kwa jambo hili kuliko jambo lolote la mvinyo.

Simu ya pili ni kwa mkulima au chama cha ushirika cha eneo hilo. Humjui yeyote? Muulize yule wa kiwandani zabibu zao wananunua kwa nani, naye atakuunganisha. Mwambie mkulima wazi kwamba mtamlipa kwa muda wake na mtanunua zabibu. Wakati wa mavuno kila saa yake ina thamani.

Simu ya tatu ni kwa dereva. Sikuweka hili mwisho kwa kuwa ni dogo.

Dereva haonji

Si kidogo, si kwa kutema, si "nusu glasi na chakula". Anayeshika usukani haonji kabisa. Barabara ya Morogoro ina malori usiku na mchana, na njia za kuingia mashambani zina mbuzi, ng'ombe, bodaboda na watoto wanaotoka shule. Kama hakuna kati yenu anayekubali kwa moyo mmoja kutoonja, kodini gari na dereva wake kwa siku nzima, mkapatane bei, muda na mafuta kabla ya kuondoka. Mkilipa watu watano au sita, gharama inapungua mpaka inakuwa jambo la kawaida.

Bodaboda nayo isiwe mbadala. Mtu aliyeonja glasi tano, juu ya pikipiki, chupa mbili mkononi, kwenye mchanga: hapana. Mnunulieni dereva chakula kizuri na chupa moja ya kwenda nayo nyumbani.

Ratiba inayofanya kazi

Watu hupanga Jumamosi na Jumapili. Mimi nakuomba uombe ruhusa ya Ijumaa. Kiwanda kina watu wake wote siku ya Ijumaa, wakati Jumapili huenda hakina mtu.

Ijumaa. Panda treni ya asubuhi kutoka Dar. Ni safari ya muda wa saa tatu na nusu hadi nne. Fika, weka mizigo, kula chakula cha mchana kamili. Saa tisa alasiri nenda kiwandani. Jioni pumzika, kunywa maji, lala mapema.

Jumamosi. Shambani mapema, saa moja asubuhi, kabla jua halijachoma. Wavunaji nao huanza wakati huo kwa sababu hiyo hiyo: zabibu iliyokatwa ikiwa baridi hukaa vizuri zaidi. Rudini mjini kabla ya saa sita. Mchana lala. Saa kumi jioni wekeni meza yenu wenyewe hotelini, na chupa mlizonunua, mzionje taratibu pamoja na chakula. Kwangu mimi hii ndiyo saa tamu kuliko zote, na wengi hawaipangi kabisa.

Jumapili. Ibada, matembezi, sokoni, treni ya kurudi. Mwenye siku ya ziada aende Kolo, wilayani Kondoa, kilomita 180 hivi kaskazini, akaone michoro ya mapangoni iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Asijaribu kuibana safari hiyo ndani ya Jumapili ya kurudi.

Cha kubeba: kofia, viatu vya kufunika vidole, sweta, chupa kubwa ya maji kwa kila mtu, daftari, kalamu, na vikapu imara. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na mfuko wa karatasi haubebi chupa sita. Usijipake manukato siku ya kuonja. Utaharibu pua yako na za wenzako.

Shambani: adabu na macho

Mkifika, salimuni kwanza. Neno la Kigogo la kuwasalimu watu wengi ni *mbukwenyi*, na kwa mtu mmoja *mbukwa*. Mzee akisalimiwa kwa salamu ya kwao, mazungumzo yanafunguka.

Usichume bila ruhusa. Usile zabibu moja kwa moja kutoka mtini hata ukikaribishwa. Mizabibu hunyunyiziwa salfa na dawa nyingine kuzuia ubwiri unga, ukungu mweupe unaofunika majani na punje kama unga wa sembe. Osha kwanza. Hilo linahusu pia zabibu za kununua barabarani.

Muulize mkulima mambo ambayo chupa haitakuambia. Mwaka huu mvua ilikuja lini? Mchwa wanakusumbua? Ndege je? Unauza zabibu mbichi au "mchuzi"? Neno hili utalisikia sana Dodoma. Mchuzi wa zabibu ni zabibu iliyokwisha kukamuliwa, ambayo wakulima na wasindikaji wadogo huwauzia watengenezaji kwa jumla. Zabibu haisubiri: ikiiva na mnunuzi asitokee, ndani ya siku chache ni hasara. Wazee watakusimulia kiwanda cha serikali cha DOWICO kilipokufa, na zabibu zikakosa wa kuzinunua. Ukisikia simulizi hilo ukiwa umesimama kwenye mchanga wa shamba, utaitazama bei ya chupa kwa jicho jingine.

Nunua zabibu kwake kabla ya kuondoka, na usimkandamize kwa bei.

Mezani: namna ya kuonja

Kuonja si kunywa. Kipimo cha kuonja ni kama mililita 50, yaani mafunda mawili au matatu. Aina tano ni mililita 250, theluthi moja ya chupa. Kwa mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 au 13, kiasi hicho kinatosha kulegeza ulimi wa mtu ambaye hajala. Kwa hiyo kula kwanza, na kila baada ya kionjo kunywa maji.

Mpangilio ni huu: mweupe mkavu, kisha mwekundu mkavu, kisha mtamu. Ukianza na mtamu, mkavu unaofuata utakuwa kama siki mdomoni, utaulaumu bure.

Kila glasi ipitie hatua hizi:

- Tazama. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo uwe angavu. Mweupe uliogeuka rangi ya kahawia huenda umezeeka au umepigwa na joto.
- Zungusha na unuse. Zungusha taratibu, kisha ingiza pua ndani ya glasi bila aibu. Ukinusa siki, au karatasi iliyolowa ikaoza, sema. Chupa moja inaweza kuharibika, na fundi mwenye fahari na kazi yake atafungua nyingine.
- Onja. Funda dogo, lipitishe kila upande wa ulimi, subiri.
- Tema au meza. Watu wananiuliza kama kutema ni ufidhuli. Kwenye meza ya kuonja si ufidhuli, na mafundi wenyewe hutema. Omba chombo cha kutemea, geuka kidogo, tema. Kwa wazazi wetu kutema mbele za watu ni jambo gumu, kwa hiyo waelezeni kabla hamjafika.
- Andika. Maneno matatu yanatosha. Usipoandika, kesho yote yatakuwa "ule mwekundu wa pili".

Tumia maneno ya kwetu

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojiona wageni mbele ya glasi. Wamesoma mahali kwamba mvinyo unanukia matunda ya porini ya Ulaya ambayo hawajapata kuyaona, wanayatafuta, hawayapati, wanadhani pua zao ni mbovu. Pua yako ni nzima. Imelelewa na vitu vingine, basi iulize kuhusu vitu hivyo.

Uchachu: ni wa ndimu, wa ukwaju au wa ubuyu? Ni vitu vitatu tofauti. Wa ndimu hupiga mara moja na kuondoka. Wa ukwaju ni mzito, una utamu nyuma yake. Wa ubuyu ni mkavu, una unga. Mvinyo mweupe wa Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya Ufaransa inayolimwa sana Dodoma, mara nyingi hunipeleka kwenye ndimu na pera bichi.

Ukakasi: ile hali ya ulimi na fizi kukazika. Aliyekula bibo la korosho anaijua. Aliyekunywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni anaijua. Inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, ndiyo maana iko zaidi katika mvinyo mwekundu, ambao huchachuliwa pamoja na maganda yake. Ukakasi si kasoro. Kasoro ni ukakasi mtupu usio na kitu kingine. Nyekundu ya Makutupora au ya zabibu iitwayo Syrah iliyotengenezwa vizuri ina ukakasi pamoja na zambarau, wakati mwingine karafuu, wakati mwingine harufu ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

Utamu: ni wa asali, wa tende, wa embe lililoiva kupita kiasi, au wa sukari tu ya dukani? Hili la mwisho likikujia, liamini na uliandike.

Mbishane mezani. Mmoja akisema zambarau na mwingine akisema tende, wote waandike. Nimeona mama mkulima asiyependa kunywa akinusa glasi mara moja na kusema "zabibu hii ilivunwa imechelewa," na fundi akakiri.

"Lakini mimi..."

*"Mvinyo wa Dodoma si ni mtamu kama juisi?"* Mwingi unaouzwa madukani ni mtamu kwa sababu soko limeutaka hivyo. Mvinyo mkavu upo: ni ule ambao chachu imeachwa ile sukari yote ya zabibu na kuigeuza kilevi. Omba kwa jina: "Naomba mkavu." Kisha mpe ulimi wako nafasi. Funda la kwanza la mvinyo mkavu humshtua kila aliyezoea mtamu, na la tatu ndilo la kuhukumia.

*"Sinywi pombe, ila wenzangu wanakwenda."* Nenda. Shamba, uvunaji, zabibu za mezani na juisi yake vinatosha kuijaza siku. Ninyi wenzake, msimbembeleze. Na akijitolea kuendesha, msimlipishe chochote.

*"Tuna watoto."* Shambani, karibuni sana. Kwenye meza ya kuonja, hapana: chini ya miaka 18 hawahudumiwi, na kumweka mtoto saa nzima amekaa akiwatazama wakubwa wakinusa glasi ni kumtesa. Gawaneni zamu.

*"Nina kisukari," "natumia dawa," "ni mjamzito."* Mjamzito asionje. Mwenye kisukari au anayetumia dawa azungumze na daktari wake kabla ya safari, si baada. Mvinyo mtamu una sukari nyingi kuliko unavyodhani.

*"Ni ghali."* Gharama kubwa ni usafiri na chumba. Kuonja kwenyewe ni sehemu ndogo. Epuka wiki za Bunge, nendeni watu wanne au sita, laleni hosteli ya kanisa au nyumba ya wageni safi badala ya hoteli kubwa, mle mtaani. Ugali wa mtama au uwele, mlenda na kuku wa kienyeji ni chakula cha Wagogo wenyewe, na mbuzi choma akikutana na mvinyo mwekundu wenye ukakasi, mafuta yake na ukakasi ule hupatana vizuri sana.

Kununua na kubeba

Nunua ulichoandika kwamba umekipenda, si ulichomalizia kunywa. Glasi ya mwisho daima huonekana tamu kuliko ilivyo. Subiri dakika 20, rudi kwenye daftari, ndipo uagize.

Kagua kila chupa:

- Ina nembo ya TBS?
- Ina stempu ya kodi ya kielektroniki? Unaweza kuihakiki kwa simu.
- Kizibo kimekaa sawa, hakijapanda juu wala kuvuja?
- Jina la mtengenezaji na mahali vimeandikwa?

Mvinyo wa nyumbani usio na nembo, hata ukipewa bure na mtu mwema, usiufungie kwenye chupa na kusafiri nao. Kama chachu bado ni hai ndani yake, hewa hujaa na chupa inaweza kupasuka.

Joto ndilo adui mkubwa wa mvinyo Dodoma. Niliwahi kuacha chupa nne kwenye buti la gari lililoegeshwa juani kutoka saa tano hadi saa tisa. Vizibo viwili vilikuwa vimesukumwa juu, na mvinyo wote ulikuwa na ladha ya matunda yaliyopikwa. Sasa chupa hazibaki ndani ya gari hata nusu saa. Zinashuka nami.

Kwa safari ya treni au basi, funga kila chupa kwa khanga, mbili kwa kila chupa, uzipange kikapuni zisigongane, na uulize masharti ya mizigo unapokata tiketi. Nyumbani, chupa ya kizibo cha gome ilaze, ya kifuniko cha kuzungusha isimamishe, zote gizani na mbali na jiko. Mvinyo mweupe na mwingi wa mwekundu wa kawaida si wa kuwekwa miaka. Unywe ndani ya mwaka. Na katika joto la Pwani, hata mwekundu uweke kwenye friji dakika 20 kabla ya kuufungua.

Makosa ninayoyaona kila msimu

- Kufika bila miadi. Nimekwisha kusema, narudia.
- Kuonja na tumbo tupu kwa sababu "tutakula huko". Huko huenda hakuna chakula.
- Kundi la watu kumi na tano. Zaidi ya wanane, nusu hawasikii fundi anasema nini, na huishia kupiga picha.
- Kulinganisha kila kionjo na mvinyo wa Afrika Kusini. Onjeni kwanza kilichopo mezani. Linganisheni jioni.
- Kuomba punguzo kwa msindikaji mdogo, kisha kulipa bei kamili ya chupa ile ile baani.
- Kuondoka bila namba ya simu ya mkulima na ya fundi. Safari ya pili hupangwa kwa namba hizo.

Hatua ya kuanzia leo

Chukua kalenda, weka alama wikiendi mbili za Agosti au Septemba, moja ya akiba. Tafuta wenzako watatu mpaka saba. Mchagueni dereva kabla hamjachagua kiwanda. Kisha piga simu. Wiki za mavuno viwanda huelemewa na kazi na nafasi za wageni ni chache, kwa hiyo kama unakusudia mavuno ya kiangazi, simu hiyo ya kwanza ipigwe kabla ya mwezi Juni kuisha.